Kadi ya Honus Wagner iliyotrimiwa: ukingo uliopotea na watu waliokaa kimya

Mwaka 1985, Long Island kule New York, jamaa anaitwa Bill Mastro alitoa dola 25,000 akanunua kikaratasi kigumu kinachoingia kiganjani na nafasi ikabaki. Kina picha ya mcheza besiboli mwenye jezi ya Pittsburgh, nywele kazigawa katikati, nyuma yake rangi ya chungwa. Miaka miwili baadaye akakiuza dola 110,000. Kati ya hizo siku mbili, ya kununua na ya kuuza, kile kikaratasi kilipitia kwenye kisu, na Mastro hakumwambia mnunuzi, na ilipita karibu miaka 30 mpaka aje kusema mbele ya jaji kwamba ndio, nilikikata pembeni.

Nataka kuichambua hii ishu kwa kirefu kwa sababu mtoto wa mjomba wangu yuko Columbus, Ohio, ameingia kwenye kununua kadi za picha za wachezaji wa NBA, na wiki iliyopita kanitumia picha ya kadi iliyofungwa kwenye boksi la plastiki ina namba 9 kwa juu, yani gredi ya ubora, ananiuliza kaka hii si ndo salama maana imeshapimwa? Na mimi siyo mtu wa kadi, mimi ni mtu wa karatasi. Nimekaa miaka minne kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji pale Keko, kazi yangu mashine ya kukatia, nimetrimu, yani kukata kingo, kadi za harusi, kadi za mchango, vitabu vya risiti, kalenda, maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo kisa cha Wagner nilipokisoma mara ya kwanza kilinigusa sehemu nyingine kabisa, sikuwaza hela, niliwaza ule ukingo.

Tuanze na kadi yenyewe inatokea wapi. Kati ya 1909 na 1911 kampuni ya tumbaku ya Marekani, American Tobacco Company, ilikuwa inatia kadi za wachezaji ndani ya pakiti za sigara. Kwanza karatasi ngumu inaipa pakiti mgongo sigara zisivunjike, pili mtu akipata mchezaji mmoja anataka na mwingine, anarudi dukani. Zilikuwa zinachapwa kwenye mashiti makubwa, rangi juu ya rangi, alafu shiti linakatwa vipande vipande, na nyuma ya kila kadi kuna tangazo la chapa ya sigara, Piedmont, Sweet Caporal na nyingine nyingi. Wakusanyaji baadaye wakalipa lile kundi jina T206, lina kadi kama 520 na kitu hivi. Kila moja upana kama milimita 37, urefu kama 67. Kumbukeni hizo milimita, tutazirudia.

Honus Wagner hakuwa mchezaji wa kawaida jamani. Mtoto wa wahamiaji wa Kijerumani, kazaliwa 1874 Pennsylvania, huko huko karibu na Pittsburgh, na timu aliyoichezea sehemu kubwa ya maisha yake ni Pittsburgh Pirates. Alikuwa anasimama kati ya besi ya pili na ya tatu, sehemu inayotaka mtu mwepesi, na yeye alikuwa pande la mtu lakini anakimbia, mpaka wakamuita Mdachi Anayepaa. Mara 8 alimaliza msimu akiwa ndo mpigaji bora wa ligi yake. 1909, mwaka huo huo kadi zinaanza kutoka, Pirates walibeba ubingwa wa Marekani kwa kuwafunga Detroit Tigers ya Ty Cobb. Na 1936 walipochagua watu watano wa kwanza kabisa kuingia kwenye ukumbi wa mashuhuri wa besiboli, yeye alikuwemo, pamoja na Cobb, Babe Ruth, Christy Mathewson na Walter Johnson. Huyo ndo mtu.

Sasa kwa nini kadi yake ni adimu wakati za wenzake zimejaa? Aligoma. Gazeti la The Sporting News liliandika 1912 kwamba kampuni ilimtumia mwandishi mmoja wa michezo wa Pittsburgh, John Gruber, akamuombe Wagner ruhusa, na Gruber angelipwa dola 10 akifanikiwa. Wagner akajibu kwamba hataki picha yake iwekwe kwenye pakiti ya sigara, na ili rafiki yake asipoteze chochote akamtumia yeye mwenyewe hundi ya dola 10. Hapa mi namheshimu sana huyu mzee, kukataa ni kitu kimoja, kukataa alafu ukamlipa aliyetumwa kwako ni kitu kingine. Wengi wanasema hakutaka watoto wanunue sigara kwa sababu yake, wengine wanasema tatizo lilikuwa malipo, na ni kweli kwamba yeye mwenyewe alikuwa anatafuna tumbaku na miaka ya nyuma picha yake ilishawahi kutumika kwenye sigara kubwa zile za kusokota. Mimi naona mtu anaweza kutumia kitu na bado asitake kukiuza kwa mtoto wa jirani. Vyovyote vile, uchapaji wa kadi yake ukasimamishwa mapema, na leo zinazojulikana zipo ni kama 50 au 60 hivi, basi.

Na hizo 50 au 60 karibu zote zimechoka. Lazima zichoke! Zimetoka kwenye pakiti ya sigara, zimekaa mfukoni, zimebandikwa kwenye albamu kwa gundi, zimechezewa na watoto, pembe zimekuwa za mviringo, kuna zenye mkunjo katikati. Ndo maana ile aliyoinunua Mastro 1985 ilikuwa ya ajabu, rangi imetulia, uso msafi, na nyuma ina tangazo la Piedmont wakati Wagner nyingi zina Sweet Caporal. Ila tu kingo zake hazikuwa nzuri kama uso wake.

Hapo ndo napoingia mimi na mashine yangu. Karatasi iliyokaa miaka 75 ukingo wake unabadilika, unakuwa laini, unavuta rangi ya hewa na mikono, nyuzi zinalegea. Ukiipitisha kwenye kisu leo unapata ukingo mkali, mweupe zaidi ya uso, na pembe inakuwa nyembamba kama sindano. Macho ya mtu wa kawaida yataona "mpya", macho ya mtu wa kiwandani yataona "imekatwa juzi". Na kitu kingine, kisu hakiongezi, kinatoa tu. Kwa hiyo kadi iliyotrimiwa kwa kawaida inakuja fupi kuliko wenzake au nyembamba kuliko wenzake, isipokuwa kama mwanzoni ilikuwa kubwa kupita kiasi, yani ilikatwa na nyama ya ziada, na hapo ndo hatari maana unaweza kuipunguza mpaka ikafika kipimo halali na rula ikakubali. Kwa miaka mingi minong'ono juu ya kadi hii ilikuwa hivyo hivyo, kwamba mwanzoni ilikuwa na nyama pembeni, watu wakasema hata sigara haijawahi kukaa nayo, ilitolewa kwenye shiti.

Bongo tuna neno zuri la hiki kitendo, kuchakachua. Tulilizoea kwenye mafuta, petroli inachanganywa na mafuta ya taa, gari linawaka, linatembea, unafurahi, kumbe injini inakufa taratibu. Na kwenye magari ya mkononi kuna wale wanaorudisha kilometa nyuma, gari limetembea laki mbili na nusu linasomeka elfu themanini. Gari ni lile lile, siti zile zile, kilichobadilishwa ni habari yake, na wewe ulikuwa unalipia habari. Kadi ndo hivyo hivyo kabisa, tena zaidi, maana kadi haina injini, huwezi kuipanda kwenda Morogoro, kitu pekee ulichonacho ni habari yake, kwamba imefika hapa kutoka 1909 na hakuna aliyeigusa.

Sasa fuateni mikono iliyopita. 1987 ananunua Jim Copeland, tajiri wa maduka ya vifaa vya michezo California, hizo dola 110,000. 1991 Copeland anaipeleka mnadani Sotheby's, New York, na wanaoinyakua ni Wayne Gretzky, yule nyota mkubwa wa mpira wa magongo wa kwenye barafu, pamoja na Bruce McNall aliyekuwa mmiliki wa timu yake, Los Angeles Kings. Walilipa dola 451,000. Tangu siku hiyo kadi ikaitwa Wagner ya Gretzky, jina la mtu ambaye hakuikata wala hakuichapa. McNall mwenyewe baadaye alikuja kufungwa kwa udanganyifu wa mabenki, kesi nyingine haihusiani na kadi, na Gretzky akabaki nayo peke yake.

Na mwaka huo huo 1991 ndo imeanzishwa kampuni ya PSA, kazi yake kupima kadi na kuzipa gredi kutoka 1 mpaka 10, kisha wanaifunga kwenye boksi la plastiki gumu lenye lebo. Kampuni mpya inatafuta jina, kadi maarufu kuliko zote inatafuta cheti. Wakakutana. Ikapewa 8, na namba yake ya usajili ni sifuri kibao mwisho 1, yani ni ya kwanza kabisa kwenye vitabu vyao. Kwa kanuni za upimaji kadi iliyotrimiwa haitakiwi kupewa namba kabisa, haitakiwi hata 1, na mmoja wa waliokuwepo kwenye kuipima alikuja kukiri miaka ya mbele kwamba walijua imekatwa, ila kadi nzuri namna ile wakashindwa kuiita jina lake.

Hapa ndo naomba tukae kidogo, maana kwangu hapa ndo penye kisa chote. Watu wakisimulia hii habari wanaanza na Mastro wanamaliza na Mastro, mwizi kapatikana, kafungwa, imeisha. Lakini Mastro alikuwa na kisu tu. Aliyeifanya ile kadi ipande bei bila mtu kuuliza ni ile lebo. Kabla ya lebo mnunuzi alikuwa anaishika, anaigeuza, anaipima na rula, anaiweka karibu na kadi nyingine ya T206 anaangalia. Baada ya lebo mnunuzi anasoma namba. Na plastiki ile inazuia usiguse ukingo, ukitaka kuugusa lazima uvunje boksi, na ukivunja boksi gredi inakufa hapo hapo. Yani ushahidi umefungiwa ndani ya kitu ambacho thamani yake ni kutofunguliwa. Kwangu huo ndo ufundi mbaya kuliko ule wa kisu, na sidhani hata kuna aliyekaa akaupanga, ulitokea tu kwa sababu kila mtu alikuwa na faida ya kutochungulia.

Bei sasa. 1995 Gretzky anaiuza dola 500,000 kwa Walmart na mshirika wao wa biashara ya kadi, wakaifanya zawadi ya bahati nasibu, kampeni nchi nzima. 1996 akaipata mama mmoja mfanyakazi wa posta wa Florida. Nilimwonea huruma huyu mama, unashinda kitu cha nusu milioni alafu serikali inataka kodi yake na wewe mshahara wako wa posta, hakuwa na namna ya kukaa nayo, mwaka huo huo ikaenda mnadani Christie's ikauzwa dola 641,500. Mwaka 2000 ikauzwa kwa dola milioni 1.265, mnada ukaendeshwa kupitia eBay, soko la mtandaoni. 2007 ikauzwa mara mbili, Februari milioni 2.35, Septemba milioni 2.8, na aliyeichukua mara hiyo ya mwisho ni Ken Kendrick, mmiliki mkuu wa timu ya besiboli ya Arizona Diamondbacks.

Angalieni hilo tena: 2007 minong'ono ilishakuwa mikubwa, imeandikwa magazetini, na bei bado inapanda. Watu wananiambia basi si wote walijua, nani aliumia hapo? Hili swali ni zito na nimeliwaza sana. Copeland wa 1987 hakuambiwa. Gretzky wa 1991 hakuambiwa. Yule mama hakulipa kitu kwa hiyo huenda kwa hesabu ya hela hakuumia. Wa mwisho alisikia fununu akanunua hata hivyo. Lakini mi naona wenye kuumia hasa hawapo kwenye huo mnyororo kabisa, wako pembeni, ni wale wenye Wagner nyingine za gredi 1, 2, 3, zilizopasuka kihalali, zilizokunjwa na mtoto wa 1910, ambazo kwa miaka mingi ziliwekwa kwenye mizani na mfalme aliyenyolewa, zikaonekana takataka kwa kulinganishwa. Na wengine ni watu kama huyu ndugu yangu wa Columbus, waliofundishwa kwamba namba ikiwa kubwa basi karatasi haijaguswa.

Tuje mahakamani maana hapa watu wanachanganya sana. Ukisoma mitandaoni utaambiwa Mastro alifungwa kwa kukata kadi. Hapana. Kukata kadi yako mwenyewe siyo jinai, ni yako, hata ukitaka kuichana vipande viwili ni shauri lako. Mastro baada ya 1985 alikuja kuwa dalali mkubwa, kampuni yake ya mnada karibu na Chicago ilikuwa kati ya kubwa kabisa Marekani kwa vitu vya michezo. FBI walipoichunguza, shtaka lilikuwa dau feki. Mteja wa kweli anaweka dau, kumbe anayempandia juu ni watu wa ndani, wapambe, au jina la mtu ambaye hana hata nia ya kununua, mpaka mteja anafika bei waliyoitaka wao. Kwa sheria yao, kwa kuwa katalogi na malipo vinapita posta, inaitwa udanganyifu kwa njia ya posta. Alishtakiwa 2012, akakiri kosa 2013, na ndani ya makubaliano ya kukiri ndo akaweka na lile la Wagner, kwamba aliikata pembeni ili ionekane nzuri zaidi, na kwamba aliiuza bila kusema. Agosti 2015 akahukumiwa miezi 20.

Kwa hiyo kisheria kisu kilikuwa maelezo ya pembeni, kilisaidia kuonyesha mtu huyu ni wa aina gani. Nakubaliana na sheria kwenye hili. Pale kiwandani tumeshawahi kutrimu picha za zamani za watu, mtu analeta picha ya babu yake imeliwa na mchwa pembeni, anataka iingie kwenye fremu, tunakata, anaondoka anashukuru, hakuna kosa hapo hata punje. Kosa linazaliwa siku anayoipeleka kwa mtu mwingine akasema ndo ilivyokuwa. Mastro angesema 1987 "nimesafisha kingo" pengine Copeland angelipa 60,000, pengine angelipa hiyo hiyo 110,000, nani ajuaye, lakini kadi ingepita mikono yote hiyo ikiwa na habari yake kamili na PSA wasingekuwa na pa kujificha.

Na kuna upande wa pili ambao unanifurahisha sana. Kuna Wagner nyingine wanaiita Jumbo, gredi yake ni 5 tu, tena ina alama ya kwamba haikukatwa sawasawa, na inaitwa Jumbo kwa sababu ilikatwa kubwa kidogo kuliko kipimo, ina nyama nyeupe ya ziada pembeni. Yani ndo ile hali wanayosema Wagner ya Gretzky ilianza nayo! Waliopitia Jumbo waliiacha, hakuna aliyesema ngoja niikate ilingane na kipimo. 2013 iliuzwa dola milioni 2.1, na 2016 ikauzwa milioni 3.12, juu ya bei ya ile ya Gretzky yenye gredi 8. Kisha 2021 Wagner ya gredi 3 ikafika milioni 6.6, na 2022 ya gredi 2, mbili tu jamani, ikafika milioni 7.25. Mwaka huo huo kuna iliyochanika ambayo karibu nusu ya kadi haipo kabisa, na bado ilivuka milioni 1.5. Ndio soko lote lilipanda miaka hiyo, kadi ya 1952 ya mcheza besiboli mwingine, Mickey Mantle, ilipiga milioni 12.6, kwa hiyo sisemi watu walilipia uaminifu peke yake. Ila mchaniko wa wazi hauhitaji mtu kukaa kimya, kila mnunuzi anauona, anaweka bei yake, analala.

Basi nimemjibu ndugu yangu hivi. Nimemwambia ile 9 ni maoni ya watu walioishika dakika chache, siyo kiapo. Nikamwambia atafute picha kubwa za kadi nyingine kama hiyo hiyo, aangalie ukingo mweupe pande zote nne, aangalie kama pembe ni kali kuliko umri wake, aangalie kama ndani ya plastiki inacheza kwa nafasi kubwa kuliko wenzake, na amuulize muuzaji kwa maandishi, imetrimiwa au haijatrimiwa, asikubali jibu la "imeshapimwa". Akaniuliza sasa ile ya Wagner kwa nini wasiitoe tu wakaipima upya watu waone milimita ngapi zimebaki? Nikamwambia mwenye nayo ndo anaweza, ni suala la bisibisi na dakika moja. Lakini mpaka hukumu inatoka 2015 lebo ilikuwa bado inasoma 8, na siku plastiki ikipasuka hiyo 8 hairudi, na hakuna mpimaji duniani atakayeweza kuiandika tena baada ya yale maneno ya mahakamani.